Chakula kilicho Kingi si lazima ndicho Kinacholiwa: Hesabu ya Kaboni katika Matope ya Bahari

0. Utangulizi

Mtu anayesimama pwani wakati maji yamekupwa huona mbele yake tambarare ya matope, kimya na tupu. Ndege wachache wanadonoa huku na huku, na zaidi ya hao haonekani kiumbe yeyote. Macho yanamdanganya. Kijiko kimoja cha tope hilo huwa na bakteria wengi kuliko idadi ya wakazi wote wa nchi yetu. Kati ya chembe zake hujipenyeza minyoo wadogo wasioonekana bila hadubini, na chini zaidi konokono, minyoo wakubwa na kombe, yaani viumbe wenye magamba mawili, huchimba mashimo yao. Wote hao wanakula, wanapumua, wanazaa na kuliwa.

Makala haya yanakusudia kueleza namna wataalamu wanavyohesabu ulaji huo usioonekana. Swali lenyewe ni fupi: katika matope ya chini ya bahari, nani anamla nani, na kwa kiasi gani? Jibu lake ni refu, kwa sababu hakuna mtu awezaye kukaa ndani ya tope akimwangalia mnyoo mmoja mmoja akila. Imebidi hesabu ifanye kazi ambayo jicho haliwezi kuifanya. Tutaona kwamba hesabu hiyo imejengwa juu ya kanuni ambayo kila mwenye duka anaijua. Tutaona pia kwamba imetufunza jambo moja muhimu: chakula kilicho kingi zaidi katika tope si lazima kiwe ndicho kinacholiwa zaidi.

Kabla ya kuendelea, yafaa kuziweka wazi istilahi chache. Tutaita mashapo chembe zote za mchanga, udongo na uchafu zilizotua chini ya maji; tope ni mashapo yaliyo laini. Tutaita mtandao wa chakula jumla ya mahusiano ya ulaji baina ya viumbe wa mahali pamoja. Tutaita akiba kiasi cha kitu kilichopo kwa wakati fulani, na mtiririko kiasi kinachopita kutoka mahali pamoja hadi pengine katika muda fulani. Modeli ni mfano wa mambo halisi uliojengwa kwa hesabu. Maneno haya si mageni kwa msomaji. Ila hapa kila moja litashika maana yake moja tu.

1. Kwa nini kaboni?

Katika soko, mihogo, samaki na vitambaa hulinganishwa kwa fedha. Katika mtandao wa chakula, kitu kinachochukua nafasi ya fedha ni kaboni. Kila kiumbe hai kina kaboni mwilini mwake, na kila tendo la maisha huisogeza. Mwani huichukua kutoka katika maji na kuigeuza kuwa mwili kwa nguvu ya jua. Konokono anapokula mwani, kaboni inahamia kwake. Anapopumua, sehemu yake inarudi majini kama dioksidi ya kaboni, yaani gesi ileile tunayoitoa mapafuni. Sehemu nyingine hutoka kama kinyesi, na anapokufa mwili wake unaingia katika mabaki yanayooza.

Kwa hiyo kila chembe ya kaboni iliyofika katika tope ina njia mbili za mwisho: ama itapumuliwa na kiumbe fulani na kurudi majini na hewani, ama itafunikwa na mashapo mapya na kuzikwa. Katika bahari zote kwa jumla, kaboni inayozikwa kwa muda mrefu ni chini ya sehemu 1 kwa mia ya ile iliyotengenezwa na mimea ya baharini. Sehemu hiyo ni ndogo, lakini kwa mamilioni ya miaka ndiyo iliyotuachia mafuta ya petroli, na ndiyo iliyosaidia oksijeni kubaki hewani. Viumbe wa tope ni kama walinzi wa mlango: wao ndio huamua kaboni ipi irudi na ipi ibaki. Katika zama hizi ambapo dioksidi ya kaboni inaongezeka hewani na kulitia dunia joto, kuzijua kazi za walinzi hao si anasa ya kitaaluma.

2. Akiba na mtiririko

Tumfikirie mama anayeuza unga wa mahindi katika soko la Lubumbashi. Asubuhi tunapita tunakuta magunia 10. Jioni tunapita tunakuta magunia 10. Je, ameuza? Hatuwezi kusema. Labda hakupata mteja hata mmoja. Labda pia lori lilimletea magunia 20 saa nne, naye akayauza yote 20 kabla ya jua kutua. Kuhesabu magunia ni kupima akiba; biashara yenyewe ni mtiririko. Akiba ileile inaweza kuficha biashara kubwa au uvivu mtupu.

Kosa hili la kuchukua akiba badala ya mtiririko ndilo lililo rahisi kuliko yote katika uchunguzi wa matope. Mtaalamu akichota tope na kulipima, atakuta kwamba sehemu kubwa ya kaboni iliyomo ni mabaki: majani yaliyooza, miili iliyokufa, uchafu ulioletwa na mto. Viumbe hai ni kidogo tu ukilinganisha na lundo hilo. Ni rahisi basi kudhani kwamba wanyama wa mahali hapo wanaishi kwa mabaki, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa. Lakini huko ni kudhani kwamba unga ulio mwingi ghalani ndio unaonunuliwa sana, ilhali huenda umebaki kwa sababu umeota kuvu na hakuna anayeutaka.

Ili kuepuka kosa hilo, wataalamu huchora masanduku na mishale. Kila sanduku ni akiba: mwani, mabaki, bakteria, minyoo wadogo, wanyama wakubwa. Kila mshale ni mtiririko: kula, kupumua, kutoa kinyesi, kufa, kuzikwa. Kisha huandika kwa kila sanduku kanuni ya mwenye duka: kilichoingia, ukitoa kilichotoka, ni sawa na ongezeko la akiba. Ikiwa akiba haibadiliki, basi kilichoingia ni sawa na kilichotoka. Kanuni hiyo ndiyo huitwa mlinganyo wa mizania.

3. Milinganyo michache, mafumbo mengi

Tuchukue mfano mdogo wa kubuni. Tuna kundi la minyoo katika tope. Tumepima maabarani kwamba kundi hilo hupumua miligramu 4 za kaboni kwa kila mita ya mraba kwa siku, na kwamba kaa na ndege hula minyoo wenye kaboni ya miligramu 2. Tunajua pia kwamba robo ya chakula cha minyoo hao hutoka kama kinyesi. Idadi yao haibadiliki. Basi robo tatu za chakula chao ni miligramu 6, na chakula chote ni miligramu 8 kwa siku.

Hadi hapa hesabu ni nyepesi. Lakini minyoo hao wanaweza kula vitu vitatu: mwani, mabaki na bakteria. Tunajua kwamba mwani jumlisha mabaki jumlisha bakteria ni 8. Tuna mlinganyo mmoja na mafumbo matatu. Majibu yanayoukubali mlinganyo huo hayana idadi: 8, 0 na 0, au 0, 8 na 0, au 2, 3 na 3, na kadhalika. Katika mtandao halisi hali ni hiyohiyo, ila kwa ukubwa zaidi: mishale inaweza kuwa makumi, na milinganyo ikawa michache kuliko mishale. Mtaalamu wa hesabu atasema kwamba mfumo huo hauna jibu moja.

Mbinu ya kuukabili ugumu huu ilianza kutumika katika elimu ya bahari miaka ya 1980. Mwaka 1987 Klepper na van de Kamer, nchini Uholanzi, walionyesha jinsi mizania ya kaboni inavyoweza kusahihisha vipimo vya mazingira. Mwaka 1988 Vézina na Platt walichapisha uchunguzi wao kuhusu mitandao ya chakula ya bahari, wakatumia njia waliyoiazima kwa wanafizikia. Njia hiyo inaenda kinyumenyume. Modeli ya kawaida huanza na sababu na kutabiri matokeo. Hii huanza na matokeo yaliyopimwa na kurudi nyuma kutafuta mitiririko iliyoweza kuyazaa. Mbali na milinganyo, hutia pia masharti ya mipaka: hakuna mtiririko ulio chini ya sifuri, hakuna mnyama anayeweza kusaga chakula zaidi ya uwezo wa tumbo lake, hakuna kundi linaloweza kuliwa kuliko linavyozaa. Masharti hayo hayaleti jibu moja, lakini huyafukuza majibu ya upuuzi.

Kati ya majibu yaliyobaki, Vézina na Platt walichagua lile ambalo jumla ya miraba ya mitiririko yake ni ndogo kuliko zote, yaani jibu lenye matumizi madogo. Uamuzi huo una nidhamu ya kihesabu, lakini una hatari yake. Katika mfano wetu ungewagawia minyoo mwani 2.67, mabaki 2.67 na bakteria 2.67: sawasawa kwa wote. Si kwa sababu minyoo wanakula hivyo, bali kwa sababu hesabu, ikikosa habari, hupenda kugawanya kwa usawa. Msomaji asiyejua jambo hilo angedhani amepewa habari ya maumbile, kumbe amepewa tabia ya kanuni.

4. Ushahidi wa isotopu

Ili kuyapunguza majibu, inatakiwa habari nyingine, na habari hiyo imo ndani ya kaboni yenyewe. Atomu za kaboni hazina uzito mmoja. Karibu 99 kwa mia zina uzito wa 12. Zilizobaki, kama 1 kwa mia, zina uzito wa 13. Hizi mbili ni isotopu za kaboni zisizooza. Uwiano wake hutofautiana kidogo kutoka chakula hadi chakula, na mnyama hubeba mwilini uwiano unaokaribiana na wa chakula alichokula. Wataalamu huupima kwa kuulinganisha na kipimo kimoja cha kimataifa na kuandika tofauti kwa sehemu za elfu.

Turudi kwa minyoo wetu. Tuseme mwani una alama ya hasi 15, mabaki yaliyotoka nchi kavu hasi 25, na bakteria, wanaokula vyote viwili, hasi 20. Tumewapima minyoo tukakuta hasi 17. Tukiyaacha mabadiliko madogo yanayotokea mwilini, sasa tuna mlinganyo wa pili: wastani wa alama za vyakula, kila kimoja kwa kiasi chake, lazima uwe hasi 17. Ikiwa minyoo hawali bakteria kabisa, chakula chao ni mwani 6.4 na mabaki 1.6. Ikiwa hawali mabaki kabisa, ni mwani 4.8 na bakteria 3.2. Kati ya miisho hiyo miwili kuna majibu mengi bado, lakini jambo moja limethibitika: mwani si chini ya 4.8, yaani si chini ya 60 kwa mia ya chakula chote. Mgawanyo wa usawa tuliouona hapo awali umekwisha kukataliwa.

Tuongeze sharti moja la mpaka. Tuseme vipimo vya uzazi wa bakteria vinaonyesha kwamba hawawezi kuwapa minyoo zaidi ya miligramu 1 kwa siku. Basi mwani unabaki kati ya 5.9 na 6.4, na mabaki kati ya 1.1 na 1.6. Hatukumwona mnyoo hata mmoja akila, wala hatukupata namba moja kamili. Lakini tumeupunguza ujinga wetu kutoka 8 hadi nusu ya miligramu. Huo ndio moyo wa mbinu nzima.

5. Molenplaat: mfano halisi

Mfano uliochunguzwa kwa makini kuliko mingi ni tambarare ya matope na mchanga iitwayo Molenplaat. Iko Uholanzi, katika mlango wa mto Schelde, mto unaotoka Ufaransa, ukapita Ubelgiji na bandari ya Antwerpen, kisha ukaingia Bahari ya Kaskazini. Mara mbili kwa siku maji huifunika tambarare hiyo, na mara mbili huiacha wazi. Mto na bahari huilundikia mabaki. Juu ya uso wake huota utando mwembamba wa mwani wa chembe moja moja, ambao kwa jicho huonekana kama rangi ya kahawia iliyopakwa juu ya tope.

Katika miaka ya 1990 na baada yake, wachunguzi wa Uholanzi na Ubelgiji walikusanya habari za aina tatu mahali hapo. Kwanza, walipima akiba: uzito wa mwani, bakteria, minyoo wadogo na wanyama wakubwa, pamoja na upumuaji wa tope zima. Pili, walipima alama za isotopu za kila kundi. Tatu, walifanya jaribio lenye werevu, ambalo Middelburg na wenzake walilitangaza mwaka 2000. Maji yalipokupwa, walinyunyizia uso wa tope kaboni iliyotiwa isotopu nzito kwa wingi. Mwani uliinywa kaboni hiyo kwa mwanga wa jua, ukawa kama fedha zilizotiwa alama ya wino. Baada ya hapo kilichobaki ni kuchota tope mara kwa mara na kuuliza: wino huo umefika kwa nani? Ulionekana kwa bakteria na kwa minyoo wadogo ndani ya saa chache.

Mwaka 2006 van Oevelen, Soetaert na wenzao waliziunganisha habari hizo tatu katika modeli moja. Matokeo yaliipinga dhana ya ghala lililojaa. Mabaki yalikuwa mengi mno, lakini wanyama, wadogo kwa wakubwa, walitegemea zaidi ule utando mwembamba wa mwani. Kaboni ya Molenplaat ilikuwa na njia mbili zilizotengana kuliko ilivyodhaniwa. Njia ya kwanza ilitoka katika mwani kwenda kwa wanyama. Njia ya pili ilitoka katika mabaki kwenda kwa bakteria, na humo sehemu iliyo kubwa ilipumuliwa na kurudi majini bila kupanda hadi kwa wanyama. Kwa mlaji, bakteria wa hapo walikuwa kama mto unaoishia jangwani.

Matokeo haya yana uzito nje ya vitabu. Mtu akitaka kuulinda uwanja wa ndege na samaki wa mahali kama hapo, hatatosheka kupima wingi wa mabaki na kusema chakula kipo. Kazi zinazochafua maji, na kuuzuia mwanga usiufikie mwani, zinaweza kuwatia njaa wanyama ambao ghala lao, kwa jicho, limejaa.

6. Jibu moja au majibu yote?

Licha ya habari hizo zote, majibu yanayokubalika hubaki mengi. Wengi walihoji kama ni haki kuchagua moja tu na kuliandika kana kwamba ni kipimo. Hapa wanahisabati wa Afrika ya Mashariki walitoa mchango wao. Mwaka 2006 Kones na Owino, kutoka Nairobi, wakishirikiana na Soetaert na van Oevelen, walichapisha uchunguzi kuhusu uhakika wa mitandao iliyojengwa kwa njia hii. Badala ya kuuliza ni jibu gani lililo bora, waliuliza ni kiasi gani kila mshale unaweza kupanda na kushuka bila kuvunja mlinganyo wowote. Mishale mingine ilishikika imara. Mingine ilicheza sana.

Mwaka 2009 walisonga mbele. Kompyuta huchota kwa bahati nasibu maelfu ya majibu yote yanayokubalika, kama mtu anayechota mbegu katika gunia bila kuangalia. Kisha wastani na mtawanyiko wa majibu hayo huhesabiwa. Waligundua kwamba vipimo vya jumla vya mtandao, kwa mfano kiasi cha kaboni inayorudiwa kutumika, huwa na uhakika zaidi kuliko mshale mmoja mmoja. Ni kama kijiji ambacho hatujui kila mtu alikula nini jana, lakini tunajua vizuri ni magunia mangapi yaliyotumika.

Mwaka huohuo programu za kompyuta za kufanya hesabu hizo zilitangazwa katika lugha ya R, ambayo haiuzwi. Yaani mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida, hata akiwa mbali na maabara kubwa, anaweza kuijenga modeli yake mwenyewe, mradi awe na vipimo.

7. Mipaka ya mbinu

Si haki kuisifu mbinu bila kutaja udhaifu wake. Kwanza, mara nyingi hudhani kwamba akiba hazibadiliki. Dhana hiyo yaweza kukubalika kwa wiki chache, lakini tope la mwezi wa sita si tope la mwezi wa kumi na mbili katika nchi zenye baridi. Pili, modeli haioni mshale ambao haukuchorwa. Ikiwa mtaalamu amesahau kwamba minyoo fulani hula minyoo wenzao, hesabu haitamkumbusha. Itaupeleka mtiririko huo mahali pengine kwa utulivu kamili. Tatu, masanduku huwakusanya pamoja viumbe wasiofanana, kama vile kodi inayowaweka katika fungu moja mshonaji na fundi wa viatu.

Hata hivyo, udhaifu huo una faida yake. Modeli inapokataa kusawazisha, yaani pasipopatikana hata jibu moja linalotimiza masharti yote, inatuambia kwamba kipimo fulani si sahihi au mshale fulani umesahauliwa. Na inapoonyesha mshale unaocheza sana, inatuambia wapi pa kwenda kupima safari ijayo.

8. Kutoka msituni hadi vilindini

Msomaji wa Kongo anaweza kuuliza: haya ya Uholanzi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia ya mto wetu. Mto Kongo haumwagi tu maji yake baharini. Ndani ya mlango wake, kama kilomita 30 kabla ya kufika pwani, linaanza korongo refu la chini ya maji, linaloendelea chini ya bahari ya Atlantiki. Kwa korongo hilo mchanga, udongo na mabaki ya misitu hushuka hadi vilindini. Mnamo Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mto, poromoko la matope lilishuka humo zaidi ya kilomita 1,100 na kukata nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari; watu wengi barani waliona mtandao wa intaneti ukilegea bila kujua sababu yake.

Mwisho wa safari hiyo, kwenye kina cha karibu mita 5,000, wachunguzi wa mradi uitwao Congolobe walifika miaka ya 2011 na 2012. Hakuna jua huko, wala mwani hauoti. Walikuta mashapo yenye kaboni nyingi iliyotoka nchi kavu, na juu yake makundi ya kombe wakubwa na tando za bakteria. Kombe hao hawali majani ya msitu. Bakteria wanapoyaoza mabaki mahali pasipo na oksijeni, hutokea methani na salfidi. Na kombe huhifadhi katika matamvua yao bakteria wengine wanaoitumia salfidi hiyo kutengeneza chakula.

Tulinganishe sasa. Molenplaat, bakteria walikuwa mwisho wa njia. Katika vilindi vya Kongo, bakteria ndio daraja ambalo bila hilo mnyama hawezi kuufikia utajiri uliozikwa. Mtu aliyebeba jibu la Molenplaat na kulitumia huku angekosea, kama angekosea yule anayetazama wingi wa mabaki na kusema kombe wanayala. Kila mahali panadai mizania yake. Na swali ambalo mizania ya huko ingelijibu si dogo: katika kaboni ambayo misitu yetu huitoa hewani na mto huipeleka vilindini, ni kiasi gani kinachozikwa, na ni kiasi gani kinachopumuliwa na kurudi?

9. Hitimisho

Tumeona kwamba kaboni katika matope inaweza kuhesabiwa kwa kanuni ya kilichoingia na kilichotoka. Kwamba kanuni hiyo peke yake huacha majibu mengi. Kwamba isotopu na masharti ya mipaka huyapunguza. Na kwamba majibu yanayobaki yafaa kuonyeshwa yote, si kufichwa nyuma ya namba moja. Tumeona pia kwamba akiba kubwa haithibitishi mtiririko mkubwa. Somo hili halihusu matope tu. Anayehesabu vitabu vilivyo katika maktaba bado hajajua vinavyosomwa, na anayehesabu tani za mahindi ghalani bado hajajua nani amelala njaa.

Wanafunzi wetu wa hisabati na wa biolojia mara nyingi hukaa katika majengo mbalimbali na hukutana getini tu. Kazi tuliyoieleza haiwezi kufanywa na upande mmoja. Mto ni wetu, misitu ni yetu; na milinganyo, kama tulivyoona kwa majirani zetu wa Nairobi, haina nchi. Kinachohitajika ni watu wa kwenda kupima, na wengine wa kukaa nao chini kuandika mizania.